Lita Sifuri

Jumanne hiyo asubuhi Winifrida alikuwa amekaa kizingitini, ungo wa maharage mapajani, mazima anayaacha na mabovu anawatupia kuku, wakati kijito cha Nyamugozi kilipofika uani kwake. Kilikuja taratibu kutokea upande wa barabara, kikapenya kati ya jiko na kibanda cha mbuzi, kikauzunguka mpapai mara moja, kikatulia karibu na miguu yake. Winifrida aliinua miguu, akauweka ungo juu ya kigoda, akaita ndani.

"Baba Esteri! Maji yako yamekuja."

Felisiani alikuwa anafunga kamba za katambuga zake za tairi. Alitoka, akachuchumaa, akachovya kidole na kuonja. Yalikuwa ya Nyamugozi kweli, yenye ladha ile ya mawe mekundu na majani ya mgomba.

"Yamechelewa," alisema.

Walifuata mkondo kinyumenyume kuona umepita wapi. Kijito kilikuwa kimepanda mlima wote kutoka bondeni, maili tatu na ushei, kwa njia ile ile aliyopita Felisiani siku walipohamishwa, amebeba godoro kichwani. Pale alipoangusha godoro siku ile, maji yalikuwa yamefanya kidimbwi. Pale alipopumzika chini ya mkuyu, maji yalikuwa yamepumzika. Kilipofika kijijini hakikuja nyumbani moja kwa moja. Kilikwenda kwanza kwa Bazilio, Mwenyekiti wa kijiji, kikaingia mlango wa nyuma, kikazunguka kigoda kimoja karibu na mtungi wa lubisi, pombe ya ndizi, kikatoka tena, kikarudi, kikatoka.

"Kila siku unaniambia unakwenda kutazama barabara," Winifrida alisema.

"Natazama barabara. Bazilio si anakaa barabarani?"

"Barabara ina kigoda?"

Felisiani alisema anakwenda kutafuta koleo.

Huyu Felisiani miguu yake haikujua kutulia tangu ujana. Alikwenda manamba kwenye mkonge huko Tanga akiwa na miaka kumi na tisa, akakata mkonge, akachoka, akaenda Usambara, akachunga ng'ombe wa mlowezi mmoja, na huko ndiko alikoliona gurudumu la maji likisaga mahindi bila mtu kulisukuma. Alilitazama wiki mbili nzima mpaka mlowezi akamfukuza kazi. Akarudi Buha kwa miguu na kwa treni, akachonga gurudumu lake mwenyewe kwa mbao za mninga, ekseli akaipata kwenye lori lililopinduka, mawe akayachonga mlimani. Akaliweka bondeni, kwenye kijito cha Nyamugozi, na kwa miaka kumi na minne wanawake wa bonde lile hawakujua maumivu ya mabega. Hapo tu ndipo Felisiani alipoweza kukaa. Mlio wa gurudumu ulimlaza.

Kisha ikaja Operesheni. Watu wote wa bondeni walipandishwa juu mgongoni mwa mlima, kando ya barabara ya Kasulu kwenda Kibondo, kikawa kijiji, kikaitwa Rusengo Mpya. Walioulizia maji waliambiwa kwamba maji yatafuata. Sababu ya kuwekwa kando ya barabara ilikuwa lori. Lori ndilo lingeleta dizeli, na dizeli ndiyo ingeendesha mashine mpya ya kusaga, ya rangi ya kijani, iliyokwisha kuletwa na kufungwa kwenye saruji kabla ya nyumba ya kwanza kuezekwa. Ikasaga miezi miwili. Mwezi wa tatu mafuta yakapanda dunia nzima, magari yakakatazwa kutembea Jumapili mchana, lori likaacha kuja, na mashine ikanyamaza. Kuku wakaanza kutaga kwenye mkanda wake. Wanawake wakarudia vinu na mawe. Felisiani naye akarudia kutembea huku na huko, kwenda barabarani na kurudi, mara kumi kwa siku, kama mtu aliyesahau kitu asikumbuke ni nini.

Sasa maji yalikuwa yamefuata, kama walivyoambiwa. Hakuna aliyeona ajabu. Bazilio alikuja na wanaume wanane na kamba, wakashuka bondeni, wakalibeba gurudumu vipande vipande. Maji yalikuwa yakipanda mlima upande wa magharibi na kushuka upande wa mashariki, na pale yaliposhuka kwa nguvu, nyuma ya kibanda cha mashine, ndipo Felisiani alipochimba mfereji. Baada ya siku tisa jiwe la juu likazunguka, unga ukatoka.

Mtu wa kwanza kufika na debe la mahindi alikuwa Uwimana. Huyu alivuka mpaka kutoka Burundi mwaka wa sabini na mbili, na watoto wawili na sufuria moja, akapewa kiwanja mwisho wa kijiji. Alisimama akayatazama maji kwa muda.

"Amahoro, muzehe," alimsalimu Felisiani kwa Kirundi. "Haya maji yako yana adabu. Ya kwetu yalibaki."

"Labda yako njiani," Felisiani alisema.

"Labda," Uwimana alisema, akamimina mahindi.

Kilichotokea miezi iliyofuata kila mtu alikiona kwa macho. Mwanamke aliyekuwa akimaliza nusu siku kwenye kinu alibaki na nusu siku mkononi. Uwimana alilima shamba la pili la maharage, kisha la tatu. Wenzake wakamfuata. Watoto wa kike wakaanza kufika shule kabla ya kengele. Gharibu, mfanyabiashara wa Kasulu, aliyekuwa akipita Rusengo Mpya bila hata kupunguza mwendo, akaanza kusimamisha lori kila Ijumaa na kuondoka na magunia. Zikaonekana khanga mpya, baiskeli nne, na mabati juu ya paa la darasa moja. Felisiani akawa analala. Alichojifunza mapema ni kwamba asiende mbali. Akienda kwa Bazilio, kijito kilisogea kidogo lakini mfereji ulibaki na maji. Akivuka daraja la mwisho wa kijiji, kijito kilijikunja kama mkeka, kikamfuata, na gurudumu likasimama. Kwa hiyo hakuvuka daraja. Kwa mtu kama yeye halikuwa jambo dogo, lakini alilifanya.

Alikuwa na sababu nyingine ya kukaa. Binti yake Esteri alikuwa na mimba ya miezi minne. Mimba ya kwanza iliishia njiani, juu ya machela, maili kumi na moja kabla ya hospitali ya Kasulu. Walimzika mtoto hapo hapo kando ya barabara na kugeuza. Wilaya ilikuwa imetangaza kwamba mwaka huo itajenga zahanati moja katika tarafa, na itajengwa kwenye kijiji kilichokua kiuchumi kuliko vingine. Bazilio aliposikia hivyo alicheka peke yake.

"Nani atatushinda sisi?" alimwambia Felisiani juu ya lubisi. "Kitahe? Kitahe wanakula mizizi."

Bwana Mipango wa wilaya alikuja mwezi wa saba. Jina lake Athuman, kijana mpole, mwenye suti ya Kaunda na viatu vilivyochongoka. Alisalimiana na wazee kwa mikono miwili kama alivyofundishwa, akakagua mashamba, akahesabu mabati, akaonja unga. Akasimama kwenye mfereji akayatazama maji yanavyopanda mlima upande ule na kushuka upande huu.

"Yanatoka bondeni?" aliuliza.

"Bondeni," alisema Bazilio.

Athuman alitikisa kichwa, akatoa fomu, akakaa nyumbani kwa Bazilio, kwenye kile kigoda kilichozungukwa na maji. Fomu ilikuwa ndefu lakini yeye alianzia kwenye mstari mmoja.

"Dizeli. Mwaka huu mmetumia lita ngapi?"

"Hatukutumia," alisema Bazilio kwa majivuno.

"Hata moja?"

"Ya nini? Maji yanasaga bure, usiku na mchana, hayaombi kibali."

Athuman aliishika kalamu bila kuandika. "Mwenyekiti, hapa pana shida. Ukuaji wa kijiji unapimwa kwa nguvu za mashine. Nguvu za mashine zinapimwa kwa mafuta. Uchumi ukikua, mafuta yanatumika zaidi. Mafuta yasipotumika, uchumi haujakua. Ndivyo tulivyofundishwa chuoni, na michoro tulionyeshwa."

"Na unga?" Felisiani aliuliza. Alikuwa amesimama mlangoni. Kukaa kulikuwa kumemshinda siku hiyo.

"Unga unaliwa, mzee."

"Na maharage ya Gharibu?"

"Hayo yataandikwa Kasulu, kwa Gharibu."

"Na macho yako je? Umeyaona mabati."

"Mzee wangu, mabati nimeyaona. Maji nimeyaona. Nionyeshe mahali pa kuyaandika nitayaandika." Akamgeuzia fomu. Felisiani alisoma mistari yote kwa kidole, polepole, kwa kuwa kusoma alijifunzia kwenye kambi ya mkonge kwa karatasi za matangazo. Palikuwa na mahali pa dizeli, pa petroli na pa mafuta ya taa. Mahali pa maji palikuwapo, chini ya kichwa kisemacho Mahitaji ya Kijiji, na swali lilikuwa: Yako umbali gani?

Athuman aliandika sifuri. Hakuwa mtu mbaya. Alipokuwa akipanda Landrover alimvuta Bazilio pembeni akamwambia kwamba atajitahidi wapate dramu moja ya dizeli, na kwamba kama wanaitaka zahanati, dramu hiyo iishe kabla ya mwezi wa kumi. "Iishe vipi, mimi sitauliza," alisema.

Dramu ilikuja. Wakawafukuza kuku kwenye mkanda, wakaiwasha mashine ya kijani, ikanguruma kuanzia asubuhi mpaka adhuhuri bila kusaga kitu, kwa kuwa mahindi yote yalikuwa yanasagwa na maji hatua kumi kutoka hapo. Moshi uliingia kwenye unga. Winifrida alikuja kuipigia kelele mashine, kisha Bazilio, kisha mumewe.

"Mnachoma nini nyie?"

"Tunakua," alisema Felisiani.

"Basi kueni kimya kimya."

Dramu iliisha kwa siku kumi na moja. Lita mia mbili. Waliamini zinatosha, mpaka habari zilipofika kutoka Kitahe. Huko mashine yao ilikuwa na tangi lililotoboka. Walikuwa wametumiwa dramu sita, na nyingi ya dizeli hiyo ilikuwa imeingia ardhini, hata mihogo yao ilikuwa ikiwashwa kama mishumaa. Hawakusaga hata gunia kumi. Lakini lita zilitumika, na mwanzoni mwa mwezi wa kumi Kitahe ikatangazwa kuwa imekua mara sita ya Rusengo Mpya. Zahanati ikajengwa Kitahe, vyumba viwili, ikapakwa chokaa.

Kitahe ilikuwa maili ishirini na mbili.

Esteri alitakiwa kujifungua baada ya Noeli. Walikuwa wamepanga ahamie Kitahe wiki mbili kabla, akae kwa shangazi wa mumewe. Lakini tarehe nne ya mwezi wa kumi na mbili, alfajiri, mama yake alimkuta ameushika ukuta wa jiko kwa mikono yote miwili. Winifrida alimtazama mara moja akatoka kwenda kugonga debe. Desturi ya huko ni kwamba debe likigongwa kila nyumba inatoa mwanamume mmoja wa kubeba machela, na asiyetoka atalipa mtungi wa pombe na kusemwa mwaka mzima. Walitoka ishirini na watatu. Jua halijachomoza Esteri alikuwa juu ya machela ya mianzi, amefunikwa blanketi, khanga ameiuma kwa meno.

Felisiani alikuwa amekwisha funga katambuga.

Wanawake walikuwa wamepanga madebe yao kwenye mfereji tangu kabla ya mwanga, kwa kuwa ilikuwa siku moja kabla ya lori la Gharibu. Walimwona anakuja na fimbo. Hakuna aliyemzuia. Mmoja tu, mke wa Bazilio, alisema, "Muzehe, wabebaji si wapo ishirini na watatu?"

"Wapo," alisema Felisiani. "Wa mara ile walikuwa thelathini, na mimi nilibaki nyumbani."

Wakampisha. Uwimana alifunga debe lake, akajitwisha, akasema anakwenda naye. Huenda mtu akahitaji uji.

Wakavuka daraja. Nyuma yao gurudumu lilizunguka mara mbili, likapiga mlio ule wa mbao, likasimama. Kijito kilijikusanya kutoka kwenye mfereji, uani kwa Winifrida na nyumbani kwa Bazilio, kikashika barabara. Kilitembea upande wa kushoto, kama inavyotakiwa.

Wabebaji walipokezana kila baada ya maili moja, wanne kwa wanne, bila kusimama. Waliotoka chini ya machela walirudi nyuma, wakanywa maji, wakajimwagia kichwani, wakakimbia kurudi mbele. Kwenye vilima, maji yalipanda kwa mwendo wao. Basi la kutoka Kibondo lilipowakuta lilisogea kando, dereva akachungulia nje.

"Huyo mgonjwa na haya maji, wote wa kwenu?"

"Wote wetu."

"Nitie kidogo kwenye rejeta."

Wakamtilia. Maili ya kumi na moja Felisiani alikwenda yeye mwenyewe chini ya mwanzi wa mbele, ijapokuwa vijana walimkatalia. Hakukuwa na kaburi hapa, kaburi lilikuwa upande wa Kasulu. Ila idadi ya maili ilikuwa ile ile, na alitaka kuipita akiwa amebeba. Esteri alikuwa anamsikia anavyohema.

"Baba, kaa kando, utaanguka."

"Sijui kukaa. Muulize mama yako."

Walifika Kitahe saa tisa alasiri. Muuguzi alikuwa mwanamke mmoja wa Ujiji aitwaye Siti, mfupi, mkali, amefunga kilemba cheupe. Alimpokea Esteri mlangoni, akampapasa tumbo, akageuka.

"Mwingizeni. Nina mkasi, nina pamba, nina dawa ya kidonda. Maji sina. Hapa mtu anateka maji maili nne, na aliyekwenda asubuhi hajarudi. Nani atakwenda?"

"Yanakuja," alisema Felisiani. "Yako nyuma kidogo. Mlima wa mwisho umeyachosha."

Siti alichungulia nje juu ya bega lake. Kijito kilikuwa kinakunja kona ya ofisi ya kijiji. Kilipita kwenye mashine iliyotoboka tangi, kikaikwepa ardhi ya dizeli, kikapanda ngazi mbili za zahanati, kikatulia kwenye kizingiti.

"Haya, mambo si hayo," Siti alisema. "Wewe mama mwenye debe, washa moto. Nyie wanaume ondokeni, mmejaa kama ndani ya basi."

Mtoto alizaliwa kabla ya jua kuzama, wa kike, mdogo kama sungura, anapumua. Damu ilimtoka Esteri nyingi, ikaacha. Siti aliosha kila kitu mara tatu, halafu akaosha sakafu, halafu, kwa kuwa maji yalikuwapo bado, akaosha madirisha. Akasema mama na mtoto hawaondoki hapo kabla ya miezi miwili, mtoto akolee kwanza.

Felisiani alikaa Kitahe siku tatu. Watu wa Kitahe walimletea mkeka, mbuzi na maneno mazuri, wakamwonyesha kiwanja. Siku ya nne ujumbe ulifika kutoka kwa Winifrida, umeletwa na utingo wa lori la Gharibu. Gharibu alikuwa amepita na kuondoka mtupu, na vinu vilikuwa vinalia kijiji kizima. Felisiani akafunga katambuga. Siti alisimama mlangoni na ndoo, akajaza alichoweza.

"Utarudi lini, mzee?"

"Jumanne."

Akarudi Jumanne. Tangu hapo akawa hivyo, siku tatu huku, siku mbili kule, na siku mbili barabarani. Ile miezi miwili ikapita, Esteri akarudi na mtoto mgongoni. Lakini Siti alikuwa amekwisha kuzoea maji, na walikuwapo wengine juu ya machela. Wenye mabasi walizijua siku zake wakazipanga safari zao wakutane naye kilimani. Bazilio aliandika barua wilayani kuomba zahanati ya pili. Kitahe nao waliandika kuomba maji. Barua zote mbili zilijibiwa kwamba zimepokelewa.

Athuman alikuja tena mwaka uliofuata, mwezi wa saba, akiwa na suti ile ile. Alikaa kwenye kigoda, akatoa fomu ile ile.

"Lita ngapi?"

"Hakuna," alisema Bazilio.

Athuman aliandika. Kisha alivua viatu vilivyochongoka, akaweka miguu ndani ya kijito, akakaa hivyo mpaka dereva alipopiga honi. Kitahe ilikuwa imetumia dramu nane mwaka huo. Ilikuwa imekua tena, na ilikuwa inapelekewa mashine ya pili.

Athuman alipokwisha kuondoka, Felisiani alimaliza uji wake, akaweka kibuyu chini, akachukua fimbo. Ilikuwa Jumanne. Winifrida alikuwa kizingitini na ungo wa maharage. Mjukuu alikuwa chini karibu naye, anayapigapiga maji kwa kiganja.

"Nenda moja kwa moja," Winifrida alisema bila kuinua macho. "Usipitie kwenye kigoda."

"Naenda kutazama barabara," alisema Felisiani.

Siku hizi kijito hakikungoja daraja, kilipoiona fimbo kiliondoka taratibu chini ya kiganja cha mtoto. Kwenye mfereji Uwimana alikuwa amemimina nusu ya mahindi yake. Jiwe lilipunguza mwendo, likazunguka mara moja ya mwisho, likakaa. Uwimana alisubiri kidogo kuhakikisha. Akafagia unga uliokwisha toka kwa ukingo wa kiganja, akayachota mahindi yaliyobaki akayarudisha kwenye debe, akaenda nyumbani kushusha kinu kutoka darini.